Vyombo vya habari na taswira ya Simba na Yanga

Vyombo vya habari za michezo nchini Tanzania, yakiwemo magazeti kama Mwanaspoti, vipindi vya redio na matangazo ya Azam TV, vina nafasi kubwa katika kujenga na kugeuza taswira ya klabu za soka za Yanga (iliyoanzishwa 1935) na Simba (1936), watani wa jadi wa Kariakoo, Dar es Salaam.

Taswira hiyo hufuata matokeo, lakini huyakuza. Simba ilipotwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, ilichorwa kama timu ya kimataifa, huku Yanga ikisimuliwa kwa ukata na migogoro. Upepo uligeuka Yanga ilipotwaa ubingwa wa 2021/22, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, kisha ikaifunga Simba 5–1 Novemba mwaka huo.

Wasemaji wa klabu nao huchochea simulizi. Haji Manara, aliyekuwa sauti ya Simba, alihamia Yanga mwaka 2021, na tambo zake zikahama naye.