Makipa Wawili wa Jangwani

Ukimtaja Hans van der Pluijm kwenye banda umiza hapa Kibamba, utajibiwa haraka: kocha wa Yanga. Ni kweli. Aliipa Yanga ubingwa wa ligi msimu wa 2014/15, akaurudia 2015/16. Lakini mtu huyu alikuwa kipa. Alizaliwa Uholanzi mwaka 1949, akaidakia FC Den Bosch, wala si Ajax. Timu ya taifa hakuichezea, zama zile lango la Uholanzi katika fainali mbili za Kombe la Dunia, 1974 na 1978, alisimama Jan Jongbloed na jezi yake namba 8 (kipa, namba nane!).

Alipogeukia ukocha alifanya kazi Ghana kwa miaka mingi, zikiwemo Berekum Chelsea na Medeama, kisha Januari 2014 akatua Jangwani.

Kocha wa makipa kwenye benchi lake alikuwa Juma Pondamali. Nasomea shahada ya umahiri katika historia, na huyu ndiye anayenikosesha usingizi. Pondamali, aliyebandikwa jina la Mensah, kipa maarufu wa Ghana, alikuwamo katika kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Lagos mwaka 1980, fainali zetu za kwanza za Mataifa ya Afrika. Tulifungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Hatukurudi huko hadi 2019.

Basi aliyefika fainali za bara akawa msaidizi wa ambaye hakuwahi kuitumikia timu yake ya taifa. Utaniambia ni vyeti vya ukocha, na vyeti vina uzito wake. Ila naona na mazoea yetu pia: mgeni tunamuuliza amefundisha wapi, mwenyeji tunamuuliza alidakaje enzi zake.

Machi 2014 Yanga waliifunga Al Ahly 1-0 Dar es Salaam, bao la Nadir Haroub. Wiki iliyofuata, Alexandria, wakafungwa 1-0, ikaja mikwaju ya penalti. Langoni alikuwa Deogratius Munishi, "Dida". Al Ahly walipita kwa 4-3. Picha za wapigaji nimeziona. Ninayoitafuta ni ya benchi la Yanga wakati Dida anasogea kwenye mstari wa goli.