Neno la Wachimbaji: Kumbukumbu ya Migodi ya Enugu

Katika lugha ya Kiigbo jina Enugu lina maana ya juu ya kilima. Lakini mji wa Enugu, mashariki mwa Nigeria, umekaa bondeni, chini ya miinuko ya Udi. Kijiji kilicholibeba jina hilo kwanza, Enugwu Ngwo, kingali kule juu. Wakoloni waliliteremsha jina pamoja na makaa ya mawe. Jambo hili ladhihirisha mapema ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuyapa mambo majina.

Makaa hayo yaligunduliwa mwaka 1909. Uchimbaji ulianza mwaka 1915, na mwaka uliofuata reli ya kutoka Port Harcourt ikakamilika. Walihitajika wafanyakazi, na wengi hawakuja kwa hiari yao. Machifu waliosimikwa na serikali walitakiwa kutoa vijana. Aliyevuma kuliko wote kwa kazi hiyo alikuwa Onyeama wa Eke. Baadaye mgodi mmoja uliitwa Onyeama. Vijana aliowapeleka hawakupewa mgodi wowote.

Hata hivyo walituachia neno. Mwezi Novemba 1949, wakidai malipo waliyoamini kuwa ni haki yao, wachimbaji walianza mgomo baridi: waliingia kazini kama desturi, lakini makaa yaliyotoka yalikuwa haba. Mbinu hiyo waliiita *welu nwayo*, yaani fanya taratibu. Ni usemi wa kila siku, wa kumtuliza mwenye haraka, kama vile nasi tusemavyo polepole. Wachimbaji waliutwaa wakaufanya kuwa silaha isiyomwaga damu.

Damu ilimwagwa na upande wa pili. Serikali ilihofia kwamba baruti za migodini zingeangukia mikononi mwa wapinzani wake, ikatuma polisi kuziondoa. Tarehe 18 Novemba, kwenye mgodi wa Bonde la Iva, ofisa Mwingereza aliamuru risasi zipigwe. Wachimbaji 21 waliuawa. (Msomaji wa Kenya atakumbuka Uplands, Septemba 1947, ambako nako polisi waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma.) Tume ya uchunguzi ilihukumu kwamba ofisa yule alikosea katika kuamua. Vifo 21 vikaitwa kosa la uamuzi! Mwanafunzi wa lugha na aliweke neno hilo karibu na *welu nwayo*, azipime lugha hizo mbili.

Kufifia kwa migodi hakuhitaji maelezo marefu. Mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956, treni zikaacha makaa zikashika dizeli, kisha vita vya 1967 hadi 1970 vikaivuruga kazi.

Sasa, ni kitu gani kihifadhiwe? Wako wapendao sanamu na vyuma vilivyopakwa rangi, na mwandishi hana ugomvi nao. Lakini chuma hakisemi kiliitwaje. Huko Wales, mgodi wa Big Pit ulifungwa mwaka 1980, ukafunguliwa kwa wageni mwaka 1983; mgeni huteremshwa kiasi cha mita 90 chini ya ardhi, na wanaomwongoza ni watu waliopata kuchimba makaa. Anayasikia maneno ya kazi kutoka vinywani mwa wenye kazi. Huo ndio uhifadhi wenyewe, na gharama yake kubwa ni kuwahi.

Enugu haikuwahi kwa kizazi cha Iva: aliyekuwa na miaka 20 siku ile angekuwa leo anakaribia 100. Wamebaki walioingia migodini baadaye, pamoja na watoto na wajukuu waliosimuliwa. Wao ndio wajuao Kiigbo cha mgodini: majina ya zana na ya vyeo vya kazi, lakabu za wasimamizi, onyo lililopigiwa kelele paa lilipoanza kulia. Idara za lugha za vyuo vya huko zina kazi hii mbele yao, nayo yadai daftari, kinasa sauti na nauli ya kufika Ngwo.