Mbeyu ya Baba, Mbeyu ya Mama: Nasaba za Kando ya Ruaha

Mtu akiposa katika vijiji vilivyo kusini ya Dodoma, kwenye njia iendayo Mtera na Iringa, swali la kwanza atakalokabiliwa nalo si la ng'ombe wala la kazi aifanyayo mjini, bali ni la mbeyu. Na neno hilo, ambalo kwa Kigogo ni mbegu ipandwayo shambani na papo hapo ni ukoo wa mtu kwa upande wa baba yake, hujibiwa kwa jina la ukoo pamoja na muzilo, yaani mwiko ambao watu wa ukoo huo wanauchunga, ili wazee wapate kujua kama wawili hao wanaweza kuoana au ni ndugu wasiojuana. Niliwahi kuketi katika baraza ya namna hiyo, mbele ya tembe, katika upande wa bibi arusi, siku ambayo posa ilikuwa imetoka Iringa. Mshenga, mzee wa Kihehe aliyevaa koti zito ijapokuwa jua la Oktoba lilikuwa limekwisha panda, alitaja ukoo wa kijana wake vizuri, wazee wakaridhika, na mmoja wao alikuwa ameanza kutaja idadi ya mifugo, ndipo bibi mmoja aliyekuwa akibambua karanga kizingitini akauliza bila ya kuinua kichwa: na mama wa babu yake huyo kijana, alikuwa mtu wa wapi?

Mshenga akacheka, akasema kwamba bibi huyo, kwa alivyosikia yeye, alikuwa Mgogo aliyefika Uhehe zamani za vita.

"Hakufika, baba," akasema yule bibi. "Alichukuliwa."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima maneno hayo mawili, kufika na kuchukuliwa, kila nisomapo au nisikiapo tarikhi ya uwanda huu wa kati; kwani aghlabu ya nasaba zetu zimeandikwa na watu waliopenda neno la kwanza.

Waingereza nao, ambao wana shauku kubwa ya kutafuta asili zao katika madaftari ya makanisa na hati za mashamba, hupenda kujua kama wazee wao walikuwa upande wa York au wa Lancaster katika zile fitina za kugombea ufalme zilizoitwa Vita vya Mawaridi, zilizoanza mwaka 1455 na kufikia kilele chake mwaka 1485 katika uwanja wa Bosworth, ambako Richard III aliuawa na Henry Tudor akatwaa taji. Walakini Henry huyo, ambaye dai lake lilikuwa la upande wa Lancaster, mwaka uliofuata alimwoa Elizabeth wa York, binti wa nyumba ya mahasimu zake. Hivyo kila mfalme aliyetokana na ndoa hiyo alikuwa mtoto wa pande zote mbili, na raia waliofuata mabwana zao katika vita hivyo wakaozana vivyo hivyo bila ya kuandikiwa tarikhi. Jambo hilo si geni kwetu, ila kwetu wakati wake uko karibu mno, hata wapo watu walio hai ambao bibi zao waliwahi kuzungumza na mashahidi.

Ugogo, kwa mujibu wa mapokeo ya koo zake zenyewe, haikupata kuwa nchi ya nasaba moja. Ziko koo zisemazo zimetoka Unyamwezini, nyingine kwa Wakimbu, nyingine Ukaguru na Usagara, na nyingi sana zinataja Uhehe, kwamba mzee wao alivuka Ruaha akiwa mwindaji au mkimbizi, naye akaja na mawe ya mvua ambayo ndiyo yaliyompa hadhi ya utemi juu ya nchi na watu aliowakuta. Hata jina lenyewe la Wagogo, kama riwaya ijulikanayo sana isemavyo, walipewa na wapita njia, watu wa misafara waliowakuta wenyeji wameketi juu ya gogo. Misafara hiyo ya pembe na vitambaa, iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, haikuwa na budi kupita hapa, baada ya kuvuka nyika ya Marenga Mkali isiyokuwa na maji matamu, na kila mtemi aliyekuwa na visima alitoza hongo. Burton na Speke walilipa mwaka 1857, Stanley akalipa mwaka 1871, na wote wakaandika malalamiko marefu, ingawa sioni kwa nini mtu anayenywa maji ya mwenziwe wakati wa kiangazi asilipe.

Ng'ambo ya Ruaha, katika miaka hiyo hiyo, Munyigumba alikuwa amekwisha kuunganisha koo za Wahehe chini ya nyumba yake ya Muyinga. Nyumba ambayo nayo, jambo la kuzingatiwa, hujinasibisha na mgeni, mwindaji aliyeitwa Mufwimi, aliyepita, akazaa na binti wa mwenye nchi, akaenda zake. Munyigumba alipofariki, karibu na mwaka 1879, ukatokea mgogoro wa urithi ulio mfano halisi wa ile fitina ya Waingereza: Mwambambe, ambaye masimulizi husema asili yake ilikuwa Unyamwezini na kwamba Munyigumba alikuwa amemwoza binti yake, alijitwalia mamlaka, na kijana Mkwawa, mwana wa marehemu, ikambidi akimbie nchi ya baba yake. Na alikimbilia wapi? Masimulizi ya Wahehe yenyewe yanasema kwamba alikimbilia Ugogo. Hapa alilindwa, hapa alikula ugali wa watu, mpaka wafuasi wa baba yake walipojikusanya, akarudi, akapigana na Mwambambe mahali palipokuja kuitwa Lundamatwe, jina lenye maana ya rundo la vichwa, na Mwambambe akafia huko.

Mtu angetaraji kwamba fadhila hiyo ingelipwa kwa amani. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya Mkwawa, majeshi ya Wahehe yalivuka Ruaha mara kwa mara kuja kuteka ng'ombe na watu, na katika watu waliotekwa, wanaume wazima walikuwa wachache kuliko wanawake na watoto, kwa sababu iliyo dhahiri: mwanamke aliyetekwa huzaa, na mtoto wake huhesabiwa kwa mbeyu ya baba. Kizazi cha kwanza humwita mateka, cha pili humwita bibi, na cha tatu husema kwamba alifika. Kadhalika wako Wahehe waliobaki upande huu, wengine wakikimbia hasira za mtawala wao, wengine wakifuata malisho, nao wakawa Wagogo kabisa, wenye muzilo wa Kigogo na ng'ombe walioazimishwa kwa majirani.

Vita vya Wajerumani havikuzirahisisha nasaba hizi, bali vilizidi kuzitatiza. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivunja kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo na kumwua yeye mwenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Wajerumani wakaibomoa ngome ya Kalenga. Na mwishoni mwa mwaka 1896 wakamsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala badala yake, kisha, kabla hata miezi mitatu haijatimia, wakamnyonga wakimshuku kwamba alikuwa akimsaidia nduguye kwa siri. Basi nawauliza wale wapendao kugawa watu katika mashujaa na wasaliti: Mpangile tumweke upande gani? Mkwawa mwenyewe alijiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, ili asikamatwe akiwa hai, na kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliwataka Wajerumani wakirejeshe kichwa hicho. Na haikuwa ila mwaka 1954 ambapo Gavana Edward Twining, baada ya kukagua mafuvu yaliyowekwa katika makumbusho ya Bremen, alichagua moja ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa zake Mkwawa walio hai, akalikabidhi kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, nalo liko Kalenga mpaka leo. Wapo wanaolitilia shaka, na sitawalaumu. Nalitaja kwa sababu ya jambo jingine: mifupa ya Richard III, ilipofukuliwa huko Leicester mwaka 2012 chini ya uwanja wa kuegesha magari, ilithibitishwa kwa alama ya damu ambayo hupita kwa mama tu, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, katika dhuria ya dada yake mfalme. Wanaume wa nyumba ile walijaza vitabu kwa majina yao. Ushahidi uliokubaliwa na wataalamu ukapatikana katika mstari wa wanawake ambao hakuna aliyewapigania taji.

Mwaka huo huo wa 1954 ndipo Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, yule yule tumjuaye kwa ngonjera, alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, na humo akazikusanya habari za koo na watemi ambazo pasipo yeye zingalipotea. Deni letu kwake halilipiki. Lakini ni insafu pia kukumbuka zama alimoandika. Tangu sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926, serikali ya Kiingereza ilikuwa ikitawala kwa mkono wa machifu, miongoni mwao Mazengo wa Mvumi, aliyekuja kuwa mkuu wa watemi wa Ugogo. Na serikali itakapo chifu hutaka kwanza silsila yake, iliyonyooka kutoka kwa baba hadi mwana, isiyo na shaka wala shemeji aliyejitwalia madaraka. Nasaba iliyokuwa ikisimuliwa kwa mizunguko yake yote, pamoja na mateka, wakimbizi na watoto waliolelewa na wajomba, ikalazimika kusimama wima kama mlingoti. Uchifu wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Ule unyofu wa karatasi umebaki.

Fauka ya hayo kuna Mtunya. Ile njaa kubwa iliyofuata Vita vya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua nazo zikakosa kunyesha, inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 30,000 katika watu 150,000 hivi wa wilaya ya Dodoma. Watu walitawanyika kutafuta chakula, na wako wazazi waliowaacha watoto wao kwa jirani au kwa kabila jingine ili wapate kuishi. Baadhi yao hawakurejea, wakakua na mbeyu ya aliyewalisha. Anayedai leo kwamba ukoo wake haukuchanganyika hata chembe tangu Ruaha ivukwe, basi aeleze kwanza babu yake alikuwa akila nini mwaka 1919.

Hesabu nayo inatosha kutuweka mahali petu. Mtu aliyezaliwa mwaka 1990, akirudi nyuma vizazi vitano, hufika kwa wazee 32 waliozaliwa karibu na mwaka 1850, ambao ndio waliokuwa watu wazima Mkwawa alipokimbilia huku na aliporudi kuteka. Katika hao 32, mbeyu inamtaja mmoja tu. Waliobaki ni 31, na katika nchi yenye tarikhi kama hii, ni muujiza kama wote walilala upande mmoja wa mto. Spika wa Bunge la Tanganyika aliyechaguliwa mwaka 1962 alikuwa Adam Sapi, mjukuu wa mtekaji; na Bunge la Tanzania leo linakutana Dodoma, katika nchi iliyotekwa, wala sijapata kumsikia mtu akiliona hilo kuwa ajabu.

Ile posa ilikubaliwa. Yule bibi, baada ya kubambua karanga zake zote, alieleza kwamba mwanamke aliyechukuliwa alitoka kijiji kisicho mbali na pale, na kwamba nduguze walimlilia kama maiti na kugawana mbuzi wa matanga. Kisha akamgeukia mshenga akasema kwamba mbeyu ya marehemu mumewe, ambayo ndiyo mbeyu ya bibi arusi, ilitoka Uhehe, kwa hiyo asijione mgeni. Wazee wakashauriana muda mrefu kama undugu huo wa mbali ulikuwa kizuizi, wakaamua kwamba sio. Mshenga alinyamaza kitambo, akaomba atajiwe jina la yule mwanamke, naye akatajiwa. Kijana mmoja wa upande wetu alikuwa akiandika idadi ya ng'ombe katika kaunta buku. Akaliandika na jina hilo, pembeni ya ukurasa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuliandika.

Wewe usomaye haya, ikiwa bado una bibi au mama mkubwa kati ya Mvumi na Mtera, au ng'ambo huko Iringa, muulize jina la mama wa mama yake na namna alivyopata kuwa mtu wa hapo. Na atakapokujibu kwamba alifika, muulize mara ya pili.