Askari wachimba visima: Mafunzo ya timu za pamoja katika Pembe ya Afrika

Kuanzia mwaka 2003, askari wa Marekani walionekana Lamu na Garissa, nchini Kenya, wakikarabati shule na zahanati, wakichimba visima na kutibu mifugo. Hawakuwa watumishi wa shirika la misaada. Walitoka Kikosi Kazi cha Pamoja cha Pembe ya Afrika, na shabaha yao ilikuwa ya kiusalama: kuwanyima wapiganaji wenye siasa kali uungwaji mkono wa wananchi.

Chimbuko

Kikosi hicho kiliundwa Oktoba 2002. Kwanza kiliongozwa kutoka kwenye manowari ya USS Mount Whitney, na Mei 2003 kikahamia Camp Lemonnier, Jibuti. Kinaitwa cha pamoja kwa sababu kinakusanya askari wa matawi mbalimbali ya jeshi.

Fikra kama hiyo ilitumika Afghanistan, ambako timu ya kwanza ya ujenzi mpya wa majimbo ilianza kazi mjini Gardez mwaka 2003, na Iraq kuanzia mwaka 2005. Timu za Afghanistan zilifungwa kabla ya mwaka 2014 kwisha.

Mafunzo na mapungufu yake

Timu ya pamoja ina ugumu wa pekee. Baharia, rubani na askari wa nchi kavu wana desturi tofauti za kazi. Nchini Afghanistan, timu nyingi za Marekani ziliongozwa na maofisa wa jeshi la majini na la anga, na kabla ya safari ilibidi wafundishwe namna ya kuishi na kujilinda katika vita vya nchi kavu. Muda uliobaki kwa ajili ya kujifunza mila, siasa na lugha za wenyeji ulikuwa mdogo.

Aprili 2010, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti kuhusu kikosi cha Jibuti. Ilieleza kwamba baadhi ya askari waligawa nguo kuukuu kwa wanavijiji wakati wa mwezi wa Ramadhani, jambo lililowaudhi Waislamu. Aidha, kulikuwa na pendekezo la kuchimba kisima bila kufikiria kwamba mahali kilipopangwa pangeweza kuzusha ugomvi baina ya koo.

Ripoti iliongeza kwamba askari walikaa kwa muda mfupi, wengine miezi minne tu, na kwamba kikosi hakikuwa na kawaida ya kufuatilia miradi baada ya kuikamilisha. Kwa hiyo kila kundi jipya lilianza kujifunza upya.

Maoni ya wenyeji

Mwaka huohuo, utafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts uliofanywa Kenya ulionyesha kwamba wananchi walithamini msaada, lakini haukubadili sana mtazamo wao kuhusu sera za Marekani. Mtazamo huo ulitegemea zaidi mambo kama matukio ya Somalia na uhusiano wao na serikali ya Kenya.

Tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda, Lamu, na kuwaua Wamarekani watatu. Shambulio hilo peke yake halithibitishi kwamba visima vilikuwa kazi bure. Hata hivyo, linakumbusha kwamba mradi wa maji hauwezi kubeba mzigo wa usalama, na kwamba mwanakijiji hubaki na kisima, au na ugomvi wake, muda mrefu baada ya askari kurudi kwao.