Kupukutika kwa Seli

Watu wengi huidhani saratani kuwa ni wingi tu: seli zimeasi, zazaana bila ya kiasi. Kwa miaka mingi hata wataalamu waliiandama fikira hiyo. Lakini habari za protini moja na ndugu zake zatuonyesha maasi ya namna nyingine, yaani ya seli zilizokataa kufa.

Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie, waliofanya kazi pamoja huko Aberdeen katika Uskoti, walieleza kifo cha seli kisichokuwa ajali, bali ni desturi ya mwili wenyewe. Jina walipewa na James Cormack, mwalimu wa Kiyunani: apoptosisi, neno lisemwalo juu ya majani yaangukapo mtini. Sisi tunalo neno letu, kupukutika, wala sioni kwa nini lisitutoshe.

Miaka kumi na mbili baadaye, Tsujimoto na Croce, huko Philadelphia, walikuwa wakichunguza saratani za limfu ambamo kipande cha kromosomu ya 18 kimehamia katika ile ya 14. Pale kiungoni ndipo ilipopatikana jeni iitwayo BCL-2. Jeni za saratani zilizojulikana wakati ule zilikuwa vichocheo vya uzazi wa seli, na hii nayo ikadhaniwa hivyo hivyo. Mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams wa Melbourne waliitia katika seli za damu, kisha wakazinyima kirutubisho ambacho seli hizo zikikikosa hufa. Hazikufa, wala hazikuzaana. Zilikaa tu, hai. Kwangu mimi jaribio hili lapita yote yaliyofuata.

Mwaka 1993 ndugu walianza kujitokeza. BCL-XL ni mlinzi kama mwenziwe. MCL-1, mlinzi pia, alipatikana katika seli za lukemia. Lakini BAX ni muuaji. Apatapo nafasi, BAX hutoboa ngozi ya mitokondria, na seli ikafa. Walinzi kazi yao ni kumshika mkono.

Katika lukemia sugu ya limfositi, BCL-2 huwa tele. Dawa ya navitoklaksi iliwazuia BCL-2 na BCL-XL pamoja. Kumbe visahani vya damu, vinavyozuia jeraha lisivuje, huishi kwa hisani ya BCL-XL, navyo vikapungua. Ikalazimu kuwatenganisha ndugu. Venetoklaksi humwandama BCL-2 peke yake, nayo iliidhinishwa Marekani mwezi wa Aprili 2016 kwa wagonjwa waliopotewa na kipande cha kromosomu ya 17, ambao tiba za zamani ziliwafaa kidogo mno.

Hata hivyo baadhi ya seli hubadili umbo la BCL-2 hata dawa isishike barabara, na nyingine hukimbilia kwa MCL-1. Huyo naye si rahisi kumgusa, maana misuli ya moyo yamtegemea.