Bindo ya 1991: mbinu ilikuwepo, lakini ya nani?

Kisangani – Je, kuna mbinu ya kushinda mchezo wa bahati? Katika komini ya Mangobo swali hili si la mchezo, zaidi kwa familia iliyokimbia mapigano ya Lubunga na kubaki na feza ya muhogo wa leo tu.

Kwa bingo jibu ni fupi. Kama kartela 100 zimeuzwa na mama mmoja amenunua mbili, ana nafasi 2 kati ya 100, na amelipa mara mbili. Kuchagua tarehe ya kuzaliwa ya mtoto hakuongezi kitu: namba inayotolewa haimjui mtoto.

Bindo ilikuwa jambo lingine. Mwaka wa 1991, wakati wa Mobutu, bei zikipanda sokoni bila kusimama, Bindo Promotion iliahidi watu wa Kinshasa kuwarudishia feza yao mara nyingi kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kweli, na majirani wakaona. Hapo ndipo moto ulipowaka. Watu waliuza vitu vya nyumbani wapate cha kuweka. Lakini faida haikutoka kwenye kazi yoyote: aliyetangulia alilipwa kwa feza ya aliyemfuata. Basi mbinu ilikuwepo, moja tu: kuingia mapema, kutoka mapema, na kumwachia jirani hasara.

Mwaka huohuo malipo yalisimama. Waliochelewa walibaki mikono mitupu.