Turkana: Historia iliyolala kando ya ziwa

MGENI anayefika Lodwar kwa mara ya kwanza huelekezwa ziwani, kilomita zipatazo 60 kutoka mjini, akaone wavuvi na mamba. Ni wachache wanaoambiwa kwamba mji huo na vijiji vya ufuoni ni sawa na jumba la makumbusho lisilo na kuta.

Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, ulikuwa kituo cha utawala wa kikoloni. Sheria ya 1926 ilizifunga wilaya za kaskazini, na wasafiri wakahitaji kibali cha serikali. Upweke huo ndio uliowashawishi Waingereza kuwafungia huko wapigania uhuru.

Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria mnamo Aprili 1953 walizuiliwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Kwa sababu ya umri wake, Kenyatta alipewa kazi ya kuwapikia wafungwa wenzake. Mnamo 1959 alihamishiwa Lodwar, na Machi 1961 viongozi wa KANU na KADU walisafiri huko kumwona, kabla ya kupelekwa Maralal.

Hata hivyo, waasisi wa Turkana si wafungwa hao pekee. Wenyeji walipambana na wakoloni kwa miaka mingi, hadi kampeni ya kijeshi ya 1918, iliyojulikana kama Labur, ilipowapokonya maelfu ya mifugo. Mashujaa hao hawatajwi sana vitabuni, ingawa masimulizi yao yangali vinywani mwa wazee.

Karibu na Kalokol, kando ya barabara ya kwenda ziwani, kuna nguzo za mawe ziitwazo Namoratunga. Wenyeji husimulia kwamba ni watu waliogeuzwa mawe wakicheza ngoma. Watafiti nao wanakadiria kwamba nguzo za aina hiyo ziliwekwa na wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, miaka ipatayo 5,000 iliyopita.

Kaskazini zaidi ni Nariokotome. Hapo ndipo Kamoya Kimeu, Mkenya mashuhuri kwa kutafuta visukuku, alipogundua mnamo 1984 mabaki ya Kijana wa Turkana, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mnamo 2015, watafiti walitangaza kwamba zana za mawe zilizopatikana Lomekwi zina umri wa miaka milioni 3.3.

Mifupa ya kijana huyo imehifadhiwa Nairobi. Mtoto wa Kalokol anayetaka kuiona hulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 600. Ng'ambo ya ziwa, Loiyangalani ilipata Makumbusho ya Jangwani mnamo 2008, yanayoonyesha maisha ya jamii za eneo hilo.

Kakuma, kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, una waasisi wa aina nyingine. Kambi yake ilianzishwa 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Wakimbiaji watano kutoka kambini humo walikuwa miongoni mwa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, Rio de Janeiro, 2016.

Hatari inayoikabili historia hii ni ya kweli. Maji ya Ziwa Turkana yalipanda mno mnamo 2020 na kufunika sehemu za ufuo. Mbuga za kitaifa za ziwa hilo, zilizoorodheshwa na UNESCO 1997, ziliwekwa kwenye orodha ya turathi zilizo hatarini mnamo 2018, kwa hofu kuhusu mabwawa ya Mto Omo nchini Ethiopia.

Anayepanga ziara aanze safari alfajiri, kabla ya jua kuwa kali, abebe maji ya kutosha na kutafuta mwenyeji wa kumwongoza. Asiokote jiwe wala mfupa, kwani kisukuku kikiondolewa kilipolala hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake. Muhimu zaidi, atenge muda wa kuketi na wazee. Nguzo za Namoratunga zitaendelea kusimama. Masimulizi yao huenda yasidumu.